Insha Namba 17

Watu wengi hudhani kwamba mwalimu akishastaafu hana tena cha kusahihisha. Madaftari yamekwisha, kalamu nyekundu imekauka, naye hukaa barazani akipokea shikamoo za watu asiowakumbuka majina. Kwangu mimi sivyo. Nilistaafu mwaka 2009 baada ya kufundisha kwa miaka 36, kwanza nikiwa mkufunzi wa chuo cha ualimu na baadaye mkuu wa shule ya sekondari. Lakini ipo insha moja ambayo sijamaliza kuisahihisha hadi leo. Iliandikwa mwaka 1988. Mwandishi wake nilimjua kwa namba kabla ya kumjua kwa jina, na katika kurasa hizi nitamwita kwa namba hiyo, maana ndivyo alivyotaka mwenyewe nilipomwomba ruhusa ya kuandika habari hizi.

Chuo chetu kilikuwa magharibi mwa Tanzania, kikiwaandaa walimu wa Daraja A kwa ajili ya shule za msingi. Mimi nilikuwa mkuu wa Idara ya Kiingereza. Jina hilo lilikuwa kubwa kuliko kitu chenyewe: wakufunzi watatu, kabati moja la vitabu, na mashine ya kurudufu iliyofanya kazi kwa kubembelezwa. Masomo mengi wanachuo waliyapata kwa Kiswahili. Kiingereza kilikuwa somo lao la mateso, na somo langu la fahari.

Kiingereza chao kilikuwa dhaifu, na sababu zake hazikuwa siri. Tangu mwaka 1967 Kiswahili kilikuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi, na Kiingereza kilianza darasa la tatu kama somo miongoni mwa masomo. Kisha mtoto alipoingia kidato cha kwanza, alitakiwa ghafla ajifunze historia, baiolojia na hisabati kwa lugha aliyokuwa bado akiibabaisha. Tume ya Rais ya Elimu ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kiingie sekondari nako, lakini pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, walipima hali hiyo na kuona kwamba wanafunzi walio wengi hawakukimudu Kiingereza kiasi cha kujifunzia. Mwaka 1987 ukaanza mradi wa kukiimarisha kwa fedha za Uingereza. Kila mtu aliyefundisha lugha hiyo aliona kwamba anapaswa kufanya jambo, na mimi nikaona langu liwe shindano la insha.

Shindano lenyewe si wazo baya, wala sikulizua mimi. Chama cha Kifalme cha Jumuiya ya Madola kimekuwa na shindano la insha tangu mwaka 1883. Hapa kwetu, Muhammed Said Abdulla alipata ushindi wa kwanza katika shindano la uandishi wa hadithi la Afrika Mashariki la mwaka 1957 na 1958, na ndipo tukampata Bwana Msa katika kitabu cha Mzimu wa Watu wa Kale. Nilijiambia kwamba hata kwetu, katikati ya mashamba ya tumbaku na mahindi, huenda kulikuwa na kalamu iliyolala ikisubiri kuamshwa.

Nikaandaa kanuni kwa mkono wangu. Mada: Mwalimu Ninayemkumbuka. Lugha: Kiingereza. Urefu: maneno 800. Kila insha ingepewa namba badala ya jina ili majaji tusipendelee mtu. Alama nilizigawa hivi: sarufi 40, msamiati 20, mpangilio 20, na maudhui 20. Jedwali hilo lilinipendeza. Nililichapa kwenye stensili na kulibandika ukutani, nikiamini kwamba haki imekwisha kutendeka hata kabla ya insha ya kwanza kuandikwa. Zawadi ilikuwa kamusi kubwa ya Oxford yenye jalada gumu, iliyotufikia ndani ya sanduku la msaada. Siku zile kamusi ya namna hiyo hukuweza kuikuta katika duka lolote la mji wetu, na wanachuo walikuwa wakija ofisini kuitazama tu, kama watu wanaotazama mwali.

Zilikuja insha 43. Majaji tulikuwa watatu: mimi mwenyekiti, mwenzangu mmoja aliyefundisha sarufi, na mama mmoja aliyefundisha fasihi ambaye wanachuo walimwita Madamu. Tulisahihisha kwa siku nne, jioni, kwa taa ya karabai, kwa kuwa umeme wa jenereta ulizimwa saa tatu.

Zaidi ya nusu ya insha hizo zilianza kwa mshumaa. Mwalimu ni mshumaa unaojiunguza ili kuwaangazia wengine. Hayo ndiyo tuliyokuwa tumewakaririsha, na hayo ndiyo waliyoturudishia. Insha namba 5 haikuwa na mshumaa. Kiingereza chake kiliteleza kama maji ya mto wakati wa masika. Ilimweleza mwalimu mmoja wa kijijini, mkali lakini mwenye moyo, ambaye asubuhi za Desemba alikuwa akikanza vidole vyake vilivyogandishwa na baridi kwenye jiko la darasani kabla ya kuanza kupita kati ya madawati. Pembeni ya sentensi hiyo niliandika: nzuri sana.

Msomaji naomba usimame hapo kidogo. Sisi majaji watatu tulizaliwa na kukulia nchi hii. Tunajua kwamba Desemba kwetu ni mwezi wa mvua na joto, na kwamba baridi, pale ilipo, huja Juni na Julai. Tunajua kwamba hakuna shule ya msingi ya kijijini iliyokuwa na jiko la kukanzia vidole. Hata hivyo tulisoma sentensi ile, mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyeinua kichwa. Kiingereza kilikuwa kizuri mno hata hatukuuliza kama kinasema kweli.

Namba 17 ilikuwa kinyume chake. Ukurasa wa kwanza pekee nilihesabu makosa 31. Vitenzi vya wakati uliopita vilikaa katika wakati uliopo, viwakilishi vya kike na vya kiume vilipishana, na sentensi nyingi zilikuwa Kiswahili kilichovaa koti la kuazima, mikono ikining'inia. Nilipomaliza, karatasi ilikuwa nyekundu kuliko ilivyokuwa nyeusi. Ilihusu mwalimu mmoja kijana wa mkoa wa Kigoma, wa wakati wa UPE. Maudhui nilimpa alama 19 kati ya 20, maana sikuwa kipofu kabisa. Kisha nikajumlisha. Namba 5: sarufi 37, msamiati 18, mpangilio 18, maudhui 13; jumla 86. Namba 17: sarufi 9, msamiati 9, mpangilio 14, maudhui 19, jumla 51.

Tulipokutana kufunga hesabu, Madamu aliweka kiganja chake juu ya namba 17 akasema, "Ndugu, hii ndiyo insha pekee yenye mtu ndani yake. Hizo nyingine zina mwalimu tu."

Mwenzetu wa sarufi alicheka. Mimi nilimwonyesha jedwali. Alirudia maneno yake mara ya pili, akaomba walau insha hiyo ipewe zawadi ya faraja, hata kalamu moja. Nilimjibu hivi, na maneno yangu nayakumbuka vizuri kwa sababu niliyaona ya hekima: "Madamu, sisi ni Idara ya Kiingereza, si idara ya huruma." Akanyamaza. Shindano likaisha.

Siku ya Jumamosi tulikusanyika bwaloni. Mgeni rasmi, ofisa wa elimu, alimkabidhi mshindi kamusi, na wenzake wakambeba juujuu. Insha namba 5 ilisomwa mbele ya watu wote, kisha nikairudufu na kuibandika kwenye ubao wa matangazo pamoja na orodha ya matokeo, majina sasa yakiwa kando ya namba. Hapo ndipo nilipojua namba 17 ni nani. Alikuwa kijana mrefu, mpole, wa mwaka wa pili, ambaye darasani hakuwahi kunyoosha mkono.

Baada ya siku mbili, wakati wa chai ya saa nne, alibisha hodi ofisini kwangu. Ni lazima nieleze habari za mlango ule. Nilikuwa nimeubandika tangazo kwamba ndani ya ofisi ya idara husemwa Kiingereza peke yake. Kanuni hiyo niliisimamia bila huruma, kiasi kwamba hata shikamoo ilibaki nje. Kijana akaingia, akanisalimu kwa Kiingereza, akasimama akikunjakunja kofia yake. Kisha akaanza, neno moja moja, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Ile insha, mwalimu, ile ya kwanza, mimi...

Akafika kwenye kitenzi cha kusoma. Wanaokijua Kiingereza wanajua mtego wake: kitenzi hicho huandikwa namna moja katika wakati uliopo na wakati uliopita, lakini hutamkwa tofauti. Cha sasa ni "rid". Cha zamani ni "red", kama ile rangi nyekundu. Kijana alisema "rid". Nami, kabla hajaongeza neno la pili, niliinua kidole nikamkatiza. Nilimweleza kanuni hiyo kwa urefu na kwa furaha, nikamtaka airudie. "Red," akasema. Tena. "Red." Vizuri sana, nikamwambia. Alinitazama kidogo, akanishukuru, akatoka na kurudisha mlango polepole. Nilirudi kwenye chai yangu nikiwa na raha ya mtu aliyefundisha.

Mwezi Desemba, wanachuo wa mwaka wa pili wakiwa wamekwisha kuondoka kwenda vituoni, tulihesabu vitabu vya maktaba. Katika rafu ya chini kabisa nilikuta mkusanyo wa zamani wa insha za shule, uliochapwa London kabla ya Uhuru wetu. Niliufungua katikati tu, kwa udadisi. Mwalimu wa kijijini alikuwa akikanza vidole vyake jikoni asubuhi ya Desemba. Nilisoma kurasa tatu nikiwa nimesimama. Majina ya watu na ya kijiji yalikuwa yamebadilishwa, na theluji ilikuwa imeondolewa; lakini baridi ilisahauliwa. Nyuma ya kitabu, katika kadi ya kuazimia, jina la mwisho lilikuwa la mshindi wetu.

Sikumchukia kijana yule, wala simchukii leo. Tulikuwa tumewaamuru kwa miaka miwili wakariri vifungu vya watu wengine, tukawasifu walipovitapika bila kosa. Kisha tukashangaa mmoja wao alipofanya hivyo kwa kitabu ambacho sisi hatukukisoma. Yeye alikuwa na miaka ishirini na ushei. Mimi nilikuwa na miaka 39, mke, watoto watatu na cheo. Kosa la kunakili lilikuwa lake. Lililofuata lilikuwa langu.

Nilimweleza mwenzangu wa sarufi peke yake. Alifikiri kidogo, akasema, "Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo." Mgeni rasmi amekwisha kuja na kuondoka, taarifa imekwisha kwenda wilayani, kamusi iko mbali, kuyafukua haya ni kukivua chuo nguo hadharani. Niliipokea methali ile kama mgonjwa anavyopokea dawa tamu. Methali ni mali ya wazee, lakini mali hiyo pia huweza kutumika kuhonga. Hata hayo yajayo hatukuyaganga. Sikumwambia Madamu. Sikumwandikia kijana wa namba 17, ingawa kituo chake nilikijua. Mwaka uliofuata sikuandaa shindano, na aliponiuliza mkuu wa chuo nilisema karatasi ni haba, jambo ambalo lilikuwa kweli, na ndiyo maana lilifaa kuwa uongo.

Ikapita miaka 16. Mwaka 2004, wakati wa Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi ulioanza 2002, niliitwa mjini Tabora kusaidia kuendesha semina ya walimu wakuu. Mimi wakati huo nilikuwa mkuu wa shule ya sekondari. Asubuhi ya kwanza nilipitia daftari la mahudhurio, nikaliona jina. Siku nzima sikumtazama usoni. Jioni nilikwenda sokoni nikatafuta duka la vitabu, nikanunua kamusi ya Oxford yenye jalada gumu. Sasa zilikuwa zikipatikana. Nikaibeba hadi nyumba ya wageni alikofikia.

Alinipokea kwa mikono miwili. "Shikamoo mwalimu." Nilifikiri jinsi ilivyomchukua miaka yote hiyo kuweza kunisalimu kwa lugha yake. Tukaketi uani, tukaulizana habari za nyumbani, watoto, mvua. Mwishowe nikamweleza yote: kitabu, kadi, Desemba, ukimya wangu. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Nilipomaliza akasema, "Nilijua, mwalimu. Kitabu kile nilikuwa nakifuta vumbi kila Alhamisi."

Hapo nikakumbuka kwamba chuoni kila mwanachuo alikuwa na kazi yake ya kujitegemea: wengine shamba, wengine mabanda ya kuku. Yeye alikuwa wa maktaba. Na kumbe alipokuwa akifuta vitabu alikuwa akivisoma.

"Kwa nini basi hukusema?" nikamwuliza.

"Nilikuja, mwalimu," akajibu. "Ukanifundisha kutamka."

Alisema hivyo bila uchungu wowote, kama mtu anayetaja tarehe. Ilinichukua muda kuelewa, kisha nikauona tena mlango, kofia inayokunjwa, na kidole changu kikiwa juu. Nikamwuliza kwa nini hakurudi siku nyingine. Akaniambia kwamba kushtaki kunataka lugha. Kwa Kiingereza kile alichokuwa nacho, na alama 51 zikiwa ubaoni, angeonekana mtu mwenye kijicho. Angesema kwa Kiswahili, asingevuka kizingiti. Nilikuwa nimejenga ofisi ambayo ndani yake aliyedhulumiwa hakuweza kudai haki yake mpaka kwanza ajue kunyambua vitenzi.

Nikampa kamusi. Aliishukuru, akasema ataipeleka shuleni wanafunzi waitumie. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeogopa jibu, "Ile insha yangu, mwalimu, bado ipo?"

Mwalimu wake, yule aliyemwandika, alikuwa amefariki mwaka 2001. Siku ya maziko watu walisema maneno ya kawaida yanayosemwa siku hiyo, na yeye alisimama akatamani angekuwa na karatasi zile mkononi. Watoto wa marehemu hawakujua jinsi baba yao alivyoanza. Walimjua akiwa mwalimu aliyekomaa, mwenye cheti. Ya mwanzo hakuwasimulia. Insha ile ndiyo sehemu pekee yalikokuwa yameandikwa na mtu aliyeyaona kwa macho yake, wakati bado yalikuwa mabichi. Alipolitaja jina la mwalimu huyo, nilikuwa kama nalisikia kwa mara ya kwanza, ilhali nililisoma mara tatu nikiwa na kalamu nyekundu mkononi.

Nilimjibu kweli. Insha ya mshindi tuliirudufu na kuihifadhi katika jalada. Hizo nyingine 42 tulizipeleka jikoni, zikawashiwa moto wa kupikia maharage.

Hakusema kitu. Alinisindikiza hadi barabarani, kama inavyompasa mwenyeji, akaniaga kwa adabu ile ile.

Tangu jioni hiyo nimefanya hesabu nyingi. Niliwahi hata kuligeuza lile jedwali, nikaipa maudhui alama 40 na sarufi 20. Matokeo: namba 5 alama 80 na nusu; namba 17 alama 65 na nusu. Kwa jedwali la haki zaidi bado nakala ya London ingeshinda! Ndipo nilipokubali kwamba jedwali halikuwa ugonjwa wenyewe. Hakuna safu iliyouliza: je, huyu aliyaona anayoyasema? Swali hilo aliliuliza mtu mmoja, kwa kiganja chake juu ya karatasi, nami nikamjibu kwa kumdhihaki. Madamu alikwisha kutangulia mbele ya haki kabla sijapata ujasiri wa kumwambia kwamba alikuwa sahihi. Hilo nalo siwezi tena kulisahihisha.

Nayasema haya kwa sababu mashindano ya insha bado yapo, na ni vizuri yawepo. Jumuiya ya Afrika Mashariki imekuwa na lake kwa wanafunzi wa sekondari, na mjukuu wangu mmoja aliwahi kuniletea insha yake niitazame kabla ya kuituma. Siku hizi kijana ana simu inayoweza kumwandikia, kwa msaada wa akili mnemba, kurasa tatu zisizo na kosa hata moja la sarufi. Kile nilichokuwa nikikitunuku kwa alama 40 sasa kinapatikana bure. Basi enyi walimu mnaotufuata, limebaki lile swali moja ambalo idara yangu ililikwepa. Nilimwuliza mjukuu: habari hii uliiona wewe? Akanyamaza, akaichukua karatasi yake akaenda kuandika upya.

Nami sasa nalipa deni langu kwa kadiri ya kumbukumbu yangu. Hivi ndivyo ilivyosema insha namba 17, nikiirudisha katika lugha ambayo mwandishi wake aliiwazia.

Mwaka 1974 iliamuliwa Musoma kwamba ifikapo 1977 kila mtoto awe na nafasi shuleni. Walimu hawakutosha, kwa hiyo vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa kwa maelfu, wakafundishwa kazi huku wakifundisha. Mmoja wao alifika kijijini kwao mwandishi akiwa na umri wa miaka 18, suruali moja na baiskeli isiyo na breki. Alipewa darasa la tano. Wanafunzi wawili walikuwa wamemzidi kimo. Chaki zilipokwisha aliandika kwa kipande cha muhogo mkavu, na jioni watoto walifuta ubao kwa majani mabichi.

Siku moja walifika kwenye kugawanya sehemu kwa sehemu. Alianza hesabu ubaoni, akakwama, akafuta, akaanza tena, akakwama. Akageuka akawaambia, "Sijui. Kesho tutajua." Mchana ule aliendesha baiskeli hadi misheni, mwendo wa saa mbili, kumwuliza mwalimu mzee. Alirudi usiku, amelowa. Kesho yake aligawa viazi vilivyochemshwa, nusu kwa robo, robo kwa nusu, na darasa zima likaona kwa macho kwa nini ile sehemu ya pili hupinduliwa. Kisha wakavila viazi.

Mwisho wa mwaka alifanya mtihani wake wa ualimu, akashindwa. Hakuwaficha. Alisimama mbele yao akasema kwamba ameshindwa na atarudia, na kwamba anahitaji watu wa kumwuliza maswali. Kwa miezi mitatu, kila jioni, watoto wanne walikwenda nyumbani kwake kwa zamu. Mmoja alishika kitabu na kuuliza, wa pili alitazama majibu, wa tatu alifukuza mbu, na mwandishi, aliyekuwa mdogo kuliko wote, alishika kibatari. Mara ya pili mwalimu alifaulu. Barua ilipofika aliwaita wale wanne, akawapa waisome kwa sauti, mmoja mmoja.

Insha ilimalizika hivi: hadi leo nikinusa harufu ya mafuta ya taa, nakumbuka kugawanya sehemu. Katika sentensi hiyo niliona makosa mawili, nikayazungushia duara. Chini yake sikuandika neno lolote.

Kabla ya kupeleka kurasa hizi kwa mchapaji, nilimtumia mwenyewe azipitie. Naye sasa yuko karibu kustaafu. Alizirudisha baada ya wiki mbili na masahihisho mawili, kwa kalamu ya bluu. La kwanza lilihusu baiskeli: nilikuwa nimeandika kwamba ilikuwa na breki ya nyuma, kumbe haikuwa na breki yoyote. La pili lilihusu ile siku ya kukwama. Nilikuwa nimeandika kwamba mwalimu alisema, "Kesho nitajua." Alikata neno hilo, akaandika juu yake kwa hati ile ile niliyoisoma mwaka 1988: tutajua.

Nimesahihisha.